Vidole Vyako Havisubiri Mtandao

Kijana wa Kismayu, wewe unayeandika programu kwenye laptopu iliyopita mikono miwili kabla ya yako, nina neno nawe. Nawe pia uliyeko Kiunga, Mombasa au Glasgow, ambaye babu yako alizaliwa katika visiwa vya Chula au Koyama. Usingoje mashine mpya. Usingoje mtandao wa kasi. Usingoje mtu akufungulie mlango wa ofisi yenye kiyoyozi. Kasi ya mwandishi wa programu haikai ndani ya mashine. Inakaa katika vidole vilivyozoeshwa na macho yanayoona pale muda unapovuja. Vidole unavyo, na macho unayo.

Utazame mwaka 1991. Januari ya mwaka huo serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na vita vikashuka pwani hadi visiwani. Wabajuni, watu wetu wa visiwani, waliporwa nyumba na vyombo, wakapanda mashua wakaelekea kusini, na wengi wakaishia kambini Jomvu, pembeni mwa Mombasa. Februari, Mholanzi Guido van Rossum alitoa lugha ya programu ya Python kwa ulimwengu. Agosti, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, alitangaza mfumo endeshi aliokuwa akiujenga, ambao leo tunauita Linux. Novemba, Mholanzi mwingine, Bram Moolenaar, alitoa kihariri cha kuandikia msimbo kiitwacho Vim. Wazee wetu hawakuwa na nafasi ya kujua lolote katika hayo. Walikuwa baharini wakihesabu watoto wao. Lakini kazi zile tatu hazikufungiwa kabatini. Zote zipo, zote ni bure, na zote zinakwenda kwenye laptopu hiyohiyo unayoiona chakavu. Kilichowapita wao si lazima kikupite wewe.

Nataka tukae kidogo na huyu Moolenaar, maana habari zake zinatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea kwa mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, katika wilaya ya Rakai ambayo Ukimwi ulikuwa umeiacha na mayatima wengi. Aliporudi kwao hakudai malipo kwa programu yake. Aliwaomba wanaoitumia wawachangie watoto wa Kibaale, na ombi hilo likawekwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa unaoonekana Vim inapofunguka. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, lakini mpaka leo mhandisi wa Tokyo au California akifungua Vim tupu, mara nyingi hukumbushwa watoto wa Uganda. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba zana hizi ni za watu wa mbali na wewe ni mgeni wake. Zina jina la jirani yako ndani yake.

Moolenaar huyo aliacha pia mafundisho mafupi juu ya tabia za mwandishi wa msimbo aliye mwepesi, na kiini chake ni hatua tatu. Kwanza, jichunguze unapofanya kazi uone ni wapi unarudia jambo lilelile au unapoteza muda. Pili, tafuta njia ya haraka zaidi ya kulifanya. Karibu kila mara kuna mtu alikwisha kuitafuta kabla yako. Tatu, itumie njia hiyo mpaka mkono uifanye bila kuagizwa. Sijaona ushauri ulio bora kuliko huu juu ya kujiendeleza, na haukutolewa na msemaji tu wa ukumbini bali na mtu aliyekuwa anaunda zana.

Ichukue hatua ya kwanza leo. Hesabu mara ngapi unaachia kibodi, unashika kipanya, unatafuta neno kwenye faili, kisha unarudi. Hesabu mara ngapi unaandika upya amri ndefu uliyoiandika asubuhi. Ikiwa kila mara unatupa sekunde 15, na jambo hilo linatokea mara 40 kwa siku, umetupa dakika 10. Kwa siku 300 za kazi hizo ni saa 50. Ndani ya saa 50 mtu anajifunza misingi ya lugha mpya ya programu. Saa hizo hakuna aliyekunyima. Umezimwaga mwenyewe, tone kwa tone.

Dawa yake ni ndogo kiasi cha kushangaza. Kwenye dirisha la amri la Linux, bonyeza Ctrl na R, andika herufi chache, na amri ya juzi inarudi yenyewe. Amri unayoitumia kila siku ipe jina fupi la herufi mbili. Ndani ya Vim, weka kishale juu ya neno ubonyeze kinyota, utapelekwa pale linapotokea tena. Badilisha kitu mara moja, kisha bonyeza nukta, na badiliko linajirudia popote unapotaka. Ukitumia kihariri kingine, hapana neno. Vihariri vyote vina njia zake za mkato. Ila chukua moja kwa wiki, usichukue kumi kwa siku. Iandike kwenye karatasi, ibandike pembeni mwa kioo, na ujikataze kugusa kipanya kwa jambo hilo. Siku za mwanzo utakwenda polepole kuliko ulivyozoea, na utaona unajichelewesha. Vumilia. Wengi huachia hapohapo, siku mbili kabla mkono haujaelewa.

Ujue pia kwamba zana hizi zilizaliwa katika hali kama yako. Vim imetokana na vi, kihariri alichokiandika Bill Joy mwaka 1976 alipokuwa mwanafunzi Berkeley, California. Alikuwa akifanya kazi nyumbani kupitia simu yenye modemu ya biti 300 kwa sekunde. Kwa mwendo ule herufi zilikuja kama 30 kwa sekunde, na kioo kizima kilihitaji zaidi ya dakika moja kujaa. Ndiyo maana amri zake ni herufi moja moja: kila herufi ilikuwa na gharama. Laini mbovu haikumfanya akae kusubiri. Ilimlazimisha abuni njia ya kusema mengi kwa machache, na njia hiyo wanaitumia leo hata wenye mtandao wa kasi kuliko wote duniani. Wewe unayenung'unika bando limekwisha umekalia shule ileile aliyosomea Bill Joy.

Na mtandao utakatika, hilo tulipokee. Juni 2017 kebo ya baharini iliyofika Mogadishu ilikatwa na meli, na Somalia ya kusini ikakaa zaidi ya wiki tatu bila intaneti ya kueleweka. Waziri wa Somalia alitaja hasara ya dola milioni 10 kwa siku. Siku kama hizo ndizo zinazomtenga mwandishi wa programu aliyejiandaa na asiyejiandaa. Git, aliyoianzisha Torvalds Aprili 2005, inakuwezesha kuhifadhi kila hatua ya kazi yako ndani ya mashine yako mwenyewe, historia nzima, na kuipeleka nje siku laini itakaporudi. Nyaraka za Python zinapakuliwa zote kwa mara moja, na ukiandika help() ndani ya Python yenyewe unapata maelezo bila hata chembe ya bando. Kiwix inakuwekea Wikipedia na maktaba za maswali ya waandishi wa programu ndani ya diski. Pakua usiku mmoja wenye laini nzuri, wagawie wenzako kwa flashi, na darasa limekwisha kufunguliwa. Wasaidizi wa akili mnemba wana faida yao, watumie. Lakini aliyewategemea kwa kila mstari, laini ikikatika hana kazi.

Wavuvi wa visiwani wanajua la kufanya bahari inapofungwa. Kusi likivuma kwa nguvu, vyombo hupandishwa pwani, watu wakakalafati, wakapaka mafuta ya sifa, wakashona majarife yaliyoraruka. Anayelala msimu huo hujuta kaskazi ikifunguka, maana wenzake wanatoka na chombo kikavu, yeye anachota maji. Siku isiyo na umeme wala mtandao ndiyo kusi lako. Panga faili zako, andika majaribio ya msimbo, soma msimbo wa mtu mwingine mstari kwa mstari, futa usiyoyahitaji.

Kuhusu saa za kazi, sisi tuna mpangilio ambao wengine wanaulipia fedha. Muitaliano Francesco Cirillo alipata sifa duniani kwa kuwafundisha watu wafanye kazi dakika 25 kisha wapumzike. Njia nzuri. Lakini siku yako tayari imegawanywa na adhana tano. Baada ya alfajiri nyumba imetulia, laini haijajaa watu, na akili ni mpya. Kazi ngumu kuliko zote iweke hapo, si video. Baina ya adhuhuri na alasiri weka marekebisho madogo. Baada ya isha andika mistari mitatu kwenye daftari: nimefanya nini, nimekwama wapi, kesho naanzia wapi. Daftari hilo litakuokoa nusu saa kila asubuhi.

Sasa malengo. "Nataka kuwa mwandishi bora wa programu" si lengo, ni dua. Lengo lina tarehe na kitu cha kuonyesha: hadi mwisho wa Rajabu nitakuwa nimemaliza programu ya wauza samaki ya kuandika uzito na bei ya kamba koche, inayofanya kazi bila mtandao kwenye simu ya bei ndogo. Au: nitakusanya maneno 500 ya Kibajuni kwa mama na bibi yangu, niyaweke kwenye kamusi ya simu. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walikieleza Kibajuni katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu lugha za Kisabaki. Wageni wamefanya sehemu yao. Kamusi ya mfukoni mwa mtoto wa Kibajuni nani ataiandika kama si wewe?

Na hapa nikuonye kwa moyo mweupe. Wapo wanaopamba kihariri chao miezi mizima, rangi hii, kiongezo kile, na hawajamaliza programu hata moja. Njia ya mkato haina maana kwa mtu asiye na safari. Kila dakika unayoiokoa iwe na mahali pa kwenda: iende kwenye ile programu ya samaki, iende kwenye kamusi, iende kumfundisha mdogo wako. Binti anayetaka kujifunza mpe kiti, usimpe sababu za kutoweza.

Wala usijilinganishe na vijana wa Nairobi wenye umeme usiozimika ovyo. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita. Daftari litakwambia kweli.

Kama una Linux yenye Vim kamili, imekuja na somo lake mwenyewe, halihitaji mtandao, na mtu hulimaliza kwa takriban dakika 30. Fungua dirisha la amri usiku huu baada ya isha, andika vimtutor, bonyeza Enter, uanze.