Haki ya Kumwaga Maji

Sisi tuliokulia pwani ya Lindi na Kilwa tunamjua Bwana Afya. Hodi alipiga, lakini hakungoja karibu. Alikwenda moja kwa moja uani, akauinamia mtungi, na akiona viluwiluwi aliyamwaga maji yote. Je, alikuwa na haki hiyo?

Wako wanaosema mtungi wa mtu ni mali yake. Hoja hii haiendi mbali. Mbu hajui ua wala mpaka; anayezaliwa kwangu humuuma mtoto wa jirani. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo inawapa maofisa wa afya uwezo wa kuingia na kukagua, nami sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye maji yenyewe. Mwaka 1952 hadi 1953, uwanda wa Makonde, katika Jimbo la Kusini la wakati huo, ulikumbwa na homa iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Jina lake, chikungunya, ni la Kimakonde, na leo madaktari wa dunia nzima wanalitumia (sijui ni wangapi wanaojua lilikotoka). Virusi vyake huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye hupenda kuzaliana katika maji yaliyowekwa majumbani. Na kwa nini watu wa Newala waliweka maji? Kwa sababu juu kule hakuna mito. Maji yalifuatwa mabondeni, na wanawake ndio waliopanda nayo vichwani. Basi kuumwaga mtungi kama ule ni kumwaga kazi ya kutwa ya mtu asiye na kosa ila kuishi mbali na maji.

Tena kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu huyo hugandamana na ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja kulowa. Chombo hutakiwa kisuguliwe, kisha kifunikwe barabara. Awezaye kufanya hivyo kila juma ni mwenye nyumba, si mkaguzi apitaye mara mojamoja. Kwa hiyo aliyemwaga akaondoka alimnyima mama yule maji, na mbu akamwachia.

Makunduchi, Unguja, ilikuwa vingine. Mwaka 1988 watafiti waliopambana na ugonjwa wa matende walitia chembe nyepesi za polistireni katika vyoo vya shimo; zikaelea juu ya maji, na mbu wakakosa pa kuzalia. Watu nao walipewa dawa. Mbu walipungua sana, wala hakuna aliyemwagiwa ndoo yake.

Mimi ningemruhusu Bwana Afya auguse mtungi wangu, ila kwanza anionyeshe bomba lililo karibu, na kifuniko awe amekuja nacho.