Ngozi ya Kubadhi

Pampu ya mkono ya baiskeli ni chombo kidogo, na kazi yake haina fumbo. Ndani ya bomba lake mna fimbo, na penye ncha ya fimbo pamefungwa duara la ngozi lililokunjwa mfano wa kikombe. Fimbo isukumwapo, hewa huitanua midomo ya kikombe hicho hata ikabana kuta, na kwa kukosa njia nyingine huingia katika mpira. Ngozi ikikauka husinyaa. Hewa hupenya pembeni ikarudi nyuma, na mwenye pampu husukuma bure mpaka mikono imlegee.

Hayo yalinipata katika njia ya Pangani kwenda Tanga, karibu na Tongoni, jua la saa sita, nilipokwisha kuziba pancha kwa mikono yangu na kujisifu kidogo. Akatokea mzee aendaye kwa miguu, mkononi ana chupa ya mafuta ya nazi. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akaifungua pampu pasipo kuniuliza. Ngozi ilikuwa imepasuka, mafuta peke yake yasingeweza kuiponya. Basi akavua kubadhi lake la mguu wa kuume, akakata kipande cha ukanda, akakichonga duara, akakitoboa katikati, akakilainisha kwa mafuta na kukifinya kwa kidole gumba mpaka kikashika umbo. Akakikaza kwa nati ile ile ya zamani. Pampu ikashika pumzi.

Nikampa shilingi elfu kumi. Akauliza kama ninazo ndogo. Nikatoa elfu mbili. Akazipokea hizo, akanirudishia noti kubwa. "Hizi ni za ngozi, mwanangu," akasema, akaenda zake, kubadhi moja mguuni na moja mkononi.

Tangu siku hiyo najiuliza: mbona nilitaka achukue zote? Jina la heshima la jambo hilo ni ukarimu. Walakini nikijichungua naona kwamba nilitaka kumaliza. Alipaye deni huondoka huru, wala halazimiki kumkumbuka aliyemdai. Na sababu ya haraka yangu naijua, ingawa naona haya kuiandika. Muda mfupi kabla ya hapo, penye mashamba ya mkonge ya Kigombe, nilimpita kijana akikokota baiskeli yenye gurudumu lililolala. Pampu nilikuwa nayo, na nilidhani ni nzima. Nilijiambia kwamba nachelewa.

Wanafunzi wangu, nilipowasimulia, walisema kwamba deni la mzee hulipwa kwa kijana mwingine kama yule. Sikubali upesi. Kijana si sanduku la kutilia malipo ya mtu mwingine. Haki yake ya kusaidiwa ilikuwapo kabla mzee hajagusa ukanda wake. Mzee naye, kwa nilivyoona, hakuwa akimlipa mtu. Ngozi ina bei, akaipokea. Kuketi kwake juani hakukuwa na bei, akakataa kukupa bei. Wengine wangemsifu zaidi lau angekataa hata zile elfu mbili. Mimi sidhani. Kwa kuzipokea aliniachia heshima yangu, nisisimame mbele yake kama mwombaji.

Pampu ningali nayo, na ngozi ile huitia mafuta ya nazi kila mwezi. Yule kijana sijui alikokota mpaka wapi.