Enyi Wenye Stoo, Andikeni

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, wa Mwanga na Gungu, wa Kibirizi na Katonga. Ninyi mnaouza spea, ninyi mnaozifunga, na ninyi mnaolala ndani ya magari mabovu mkingoja kifurushi! Leo siwahubirii habari ya pombe wala ya zinaa. Nawahubiria habari ya pampu ya maji ya Hiace.

Nilikuwa mtunza stoo kwa muuzaji magari mmoja, jina lake nalisitiri. Akaja mteja, gari limechemsha, abiria wake wametawanyika chini ya mwembe. Nikafungua leja: pampu hakuna. Tukapiga simu Kariakoo, Dar es Salaam, tukatuma hela, kifurushi kikapanda basi. Siku ya tatu pampu ikafika, gari likaondoka, tukamhimidi Mola. Wiki ile ile nikainama chini ya kaunta kuokota kalamu, mkono ukagusa boksi. Pampu! Namba ile ile, ingali na kikaratasi cha basi. Tulikuwa tumeinunua kwa dharura miezi minne nyuma, mteja akaghairi, mtu akaisukumia huko kwa mguu. Leja haikuijua, kwa sababu ilikuja kwa haraka, na cha haraka, tulisema, tutakiandika baadaye.

Baadaye! Ni wangapi hapa mitaji yao imemezwa na neno hilo?

Sisi ni watu wa mwisho wa reli. Tangu ilipotufikia mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, kila chuma tunachokihitaji kinatoka mbali. Hata Liemba, meli yetu, ilikuja vipande vipande kutoka Ujerumani, ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanauacha mji, waliizamisha ili adui asiifaidi. Lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Watu wanaokimbia vita walipata muda wa kupaka grisi, na wewe uliyeketi kwenye kiti, chai mkononi, unaniambia huna muda wa kuandika mstari mmoja?

Mgeni akifika Ujiji tunampeleka penye ukumbusho, tunamsimulia jinsi Stanley alivyomsalimu Livingstone. Tunamsimulia salamu, hatumsimulii stoo. Livingstone alirudi kutoka Manyema, ng’ambo ya ziwa, Oktoba 1871, mgonjwa, amechoka, akijua bidhaa zake zinamngoja Ujiji. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakukuta kipande cha nguo wala uzi mmoja wa shanga. Aliyekabidhiwa mali alikuwa ameiuza yote, kwa hoja kwamba mwenyewe amekufa. Siku chache baadaye ndipo Stanley akatokea na mizigo. Stanley, ndugu zangu, alikuwa dharura iliyowahi. Wewe Stanley wako ni konda wa basi, na hujui kama leo tairi litapasuka Uvinza.

Najua kuna msomi atasimama anijibu. Atasema: “Shehe, Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ile iliyo ndefu kuliko zote, imeamrisha kuandika deni la muda, ikasamehe biashara ya papo kwa papo. Nami nimenunua taslimu.” Taslimu gani? Hela imetangulia Kariakoo kwa simu, na mzigo haujafika: hilo ni deni la muuzaji kwako. Mteja amekupa nusu ya bei, pampu hajaiona: hilo ni deni lako kwake. Kijana wa kaunta ametoa nauli ya kifurushi mfukoni mwake: hilo ni deni la tatu, na wallahi hilo ndilo husahaulika kwanza. Iko wapi papo kwa papo hapo? Aya hiyo hiyo imetukataza kuona uvivu wa kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Bushi ya shilingi elfu chache imo. Oringi imo.

Na zaka? Mwaka ukitimia unahesabu bidhaa za dukani ili utoe asilimia 2.5. Zile zilizolala chini ya kaunta, nyuma ya mlango, kwenye buti la gari la bosi, umezihesabu? Hukuzihesabu, maana huzijui. Basi haki ya maskini imo ndani ya boksi lile, imefungwa kwa utepe wa basi.

Nimekaa kwenye kaunta, nalijua pazia la biashara hii na kilicho nyuma yake. Kijana anatumwa mbio duka la jirani, anarudi na risiti yenye bei ambayo jirani hakuitaja. Cha juu hupenda haraka, kwa kuwa kwenye haraka hakuna anayeuliza. Siwatukani vijana, wengi wao ni waaminifu kuliko mabosi wao. Nasema tu kwamba mstari ulioandikwa, wenye namba ya spea, chesisi ya gari, bei, nauli, jina la aliyetumwa na la aliyepokea, humlinda kijana mwema kabla haujamnasa mwizi. Na msiishie siku ya kununua! Andikeni mwisho wake: imefungwa, imebaki, au imerudishwa. Mwisho usipoandikwa, pampu itarudi chini ya kaunta.

Kisha msiliache daftari likazeeka. Lisomeni! Spea mliyoikimbilia mara nne kwa mwaka si dharura tena, inaomba rafu yake. Na yule aliyeuliza mkamwambia “haipo,” akageuka kwenda zake, mwandikeni naye, maana ameomba rafu kama wenzake. Wapo wanaovuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie kuja kutuuliza spea. Wakiondoka mikono mitupu, nani anakumbuka waliuliza nini?

Na zipo dharura zinazojulikana mapema. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Tarehe ilitangazwa, kila mtu aliijua. Boti zinazokaa ufukweni miezi 3, siku ya kufunguliwa zitataka plagi na propela; mvuvi wa dagaa hawezi kupiga kasia hadi kilindini. Muuzaji anayeanza kupiga simu Dar siku hiyo ya kufunguliwa, dharura yake ameipata wapi? Alikuwa na miezi 3 ya kuagiza kwa treni, kwa nauli ya taratibu.

Enyi wenye stoo, kesho asubuhi, kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza, pigeni magoti. Sisemi kusali, hiyo mtakuwa mmemaliza alfajiri. Pigeni magoti mchungulie chini ya kaunta, mtoe kila kilichomo, mkifute vumbi, mkiandike, na mkikuta ambacho mteja alishakilipia, mpigieni simu aje achukue chake.