Nyota Haikupendi



Kuna mfano unaopendwa kwenye semina zetu: nyota inakufa ili sisi tuishi, kwa hiyo nasi tujitoe kama nyota. Mfano mtamu, ila mimi naona una kasoro.

Tuangalie kwanza mambo yanavyokwenda. Katikati ya jua kuna joto la nyuzi kama milioni 15. Hapo viini vya haidrojeni vinagongana, vinaungana na kuwa heliamu. Kila sekunde zinatumika tani kama milioni 600. Nguvu inayotoka ndiyo mwanga wetu, na ndiyo inayoizuia nyota isiporomoke kwa uzito wake. Nyota kubwa sana huendelea zaidi: heliamu inakuwa kaboni, inafuata oksijeni, silikoni, mpaka chuma. Kwenye chuma safari imekwisha. Ukiunganisha viini vya chuma hupati nguvu, unaipoteza. Basi katikati panaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, nyota inalipuka, na vingi kati ya vile ilivyopika kwa mamilioni ya miaka vinatawanyika angani. Mwaka 1987 mlipuko wa namna hiyo ulionekana kwa macho tu, bila darubini.

Mwilini mwako kuna chuma kama gramu 4, sehemu kubwa iko kwenye damu. Kilitoka kwenye nyota zilizolipuka kabla jua letu halijakuwapo.

Sasa je, nyota hizo zilikupenda? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema, na nyota haimtakii mtu chochote. Imetoa vingi, sawa, lakini hata gunia lililotoboka linatoa.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunachanganya. Kijana anachoka na kwaya, kamati, michango, ada za wadogo zake, mpaka moyo unakauka, halafu anajifariji: "Najitoa." Pengine ni kweli. Pengine ameshindwa tu kusema hapana, na kimoyomoyo ana hasira na kila anayemsaidia. Kuishiwa si kujitoa. Yesu mwenyewe alisema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa kwa hiari yake.

Ndiyo maana napenda zaidi mfano wa mchangia damu. Chuma ni kile kile cha nyota, kinatoka tena kwenda kwa mwingine, ila safari hii kuna mtu aliyekunja mkono wa shati akasema, "Chukueni."