Mjukuu Hakuandikwa Kwenye Fomu

Dada wa dirisha la maombi ya viza alimtazama shangazi yangu, akatazama fomu, kisha akamwuliza kwa upole: "Mama, unakwenda kuona nini Hamburg?"

Shangazi akajibu kama anavyomjibu mteja wake yeyote sokoni. "Mjukuu."

Fomu iliyokuwa mezani ilisema anakwenda kutalii. Ilikuwa na nafasi ya hoteli ya siku thelathini na orodha ya makumbusho ambayo shangazi hajawahi kusikia hata jina lake. Mjukuu hakuwemo popote katika karatasi zile, wala binti, wala mkwe. Yule dada hakusema neno. Aliandika kitu pembeni, akachukua alama za vidole, akamwambia asubiri majibu.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyeniomba niiandike habari hii. Ana kizimba Soko la Majengo, hapa Dodoma, kwa zaidi ya miaka ishirini: mlenda mkavu, karanga, unga wa mtama, na msimu ukifika, zabibu. Binti yake wa pili ameolewa Ujerumani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 alipiga simu kwamba ni mjamzito na anatarajia kujifungua Novemba. Uzazi wa kwanza, mama mzazi yuko mbali, nani atamkanda? Nani atampikia uji? Shangazi alisema atakwenda, na hakuna aliyebishana naye.

Pasipoti alikuwa nayo, hii ya kielektroniki iliyoanza kutolewa Januari 2018. Kilichokosekana ni mtu wa kumwongoza. Kuna steshenari nyingi mjini zinazowajazia watu fomu za NIDA, za mikopo ya wanafunzi, za ajira, na wengi wa vijana hao wanafanya kazi halali na wanatusaidia sana. Shangazi hakuelekezwa kwa mmoja wao. Alielekezwa kwa kishoka, aliyetaka Sh 400,000 na kumwambia maneno ambayo shangazi bado anayakumbuka yote: "Mama, usiseme unakwenda kulea. Ukisema una mtoto kule watajua hurudi. Hapa tunaandika utalii."

Maneno haya yana sura ya ujuzi, ndiyo maana yanawanasa watu wazima wenye akili zao. Lakini hayana ukweli. Ujerumani imo kwenye mkataba wa Schengen, na viza ya Schengen ya kukaa muda mfupi ina alama ya herufi C. Inamruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, katika nchi 29 zilizo kwenye mkataba huo. Anayekwenda kukaa zaidi ya hapo, kwa masomo au kazi au kuungana na mwenza, anaomba ya herufi D, ambayo kila nchi ina masharti yake. Ndani ya hiyo C, mwombaji anataja sababu ya safari: utalii, kutembelea ndugu na jamaa, biashara, matibabu, michezo. Mtalii na bibi anayekwenda kumwona mjukuu wanapata viza ya herufi ileile, kwa ada ileile ya euro 90 iliyoanza Juni 2024. Kishoka alimwuzia shangazi uongo usioweza kumpatia chochote zaidi ya ambacho ukweli ungempatia.

Na uongo huo ulimnyima kilicho chake. Sababu ya safari ndiyo inayoamua ni karatasi zipi zisimame nyuma ya ombi. Ukisema utalii, utaulizwa hoteli, ratiba, na fedha zako mwenyewe za kulipia vyote hivyo. Mama wa kizimba atazitoa wapi? Ukisema unakwenda kwa mwanao, mwenyeji anaingia kwenye picha: nyumba yake, mshahara wake, sahihi yake. Shangazi alikuwa na binti mwenye nyumba na mkwe mwenye kazi, akawaacha wote wawili nje ya mlango.

Kwa kuwa ombi la utalii linadai fedha, kishoka akatafuta fedha. Akaunti ya shangazi haikuwa ikizidi laki nne. Ijumaa moja ikaingizwa milioni nane, mkopo wa kikoba wenye riba ya asilimia kumi, na Jumatatu taarifa ya benki ikachapishwa. Mtu yeyote anayezisoma karatasi hizi kila siku huona: miezi mitatu ya elfu ishirini na elfu hamsini, kisha milioni nane kwa mkupuo, siku chache kabla ya ombi. Nafasi ya hoteli nayo ilikuwa ya aina inayofutika bila gharama. Ilifutwa siku iliyofuata.

Majibu yalitoka mwishoni mwa Septemba. Tuliisoma ile barua pale kizimbani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye debe la karanga, binti akitazama kutoka Hamburg kwa video. Ni karatasi ya kawaida yenye orodha ya sababu na visanduku pembeni, na afisa hutia alama kwenye kisanduku kinachohusika. Shangazi alikuwa na alama mbili: maelezo ya madhumuni ya safari hayaaminiki, na kuna shaka ya msingi kama mwombaji ana nia ya kurudi. Binti alisoma ya kwanza, akanyamaza. Shangazi akauliza, "Wamesema mimi mwongo?" Hakuna aliyemjibu. Kisha akasema jambo lililonichoma: "Lakini mimi nilimwambia mjukuu."

Ni kweli alisema. Mdomo wake ulisema kweli na karatasi yake ikasema uongo, na ombi la viza huamuliwa kwa karatasi.

Siwezi kumlaumu afisa aliyetia alama zile. Ukiweka mbele ya mtu mwenye haki hoteli iliyofutwa, fedha za kuazima na jibu lisilofanana na fomu, unamtaka aamini nini? Ada haikurudi, kwa maana ada ya viza hulipiwa kushughulikiwa kwa ombi, liwe limekubaliwa au limekataliwa. Riba ya kikoba, Sh 800,000, ililipwa kwa karanga na mlenda hadi Januari.

Kukata rufaa kwa barua, kama wazee wengi wanavyoshauri, hakukuwezekana. Tangu 1 Julai 2025 Ujerumani imeufuta utaratibu wa kupinga uamuzi wa viza kwa barua ubalozini. Zimebaki njia mbili: kwenda mahakama ya utawala ya Berlin, au kuomba upya. Wala kukimbilia ubalozi wa nchi nyingine hakusaidii. Maombi yote ya Schengen, pamoja na yaliyokataliwa, yanaingia kwenye hifadhi moja ambayo nchi zote hizo zinaiona, na kumbukumbu hukaa miaka mitano. Kilichoandikwa kwa Mjerumani, Mfaransa anakisoma.

Nikiwa hapo niseme neno juu ya safari nyingine zinazotoka mitaa hii hii. Vijana wetu wanaokwenda Oman huambiwa, "Ingia na viza ya kutembea, kazi utabadilishia hukohuko." Mwishoni mwa Oktoba 2023 Oman ilisimamisha kubadili viza ya kutembea kuwa ya kazi. Binti aliyeingia kwa viza ya matembezi akaenda kufanya kazi za ndani yuko mikononi mwa aliyempeleka: mkataba hana, na sheria ya nchi ile inamhesabu mkosaji hata kama yeye ndiye aliyedhulumiwa. Njia ya kazi kwa Mtanzania inapitia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na mkataba uliothibitishwa na ubalozi wetu, kabla ya ndege. Kwa anayepeleka mgonjwa India, kuna viza ya matibabu ya mgonjwa na nyingine ya msindikizaji, na wasindikizaji hawazidi wawili. Ukimbebesha mgonjwa viza ya utalii kwa sababu imeonekana rahisi, utalipia urahisi huo hospitalini. Sisi tumezoea kuvuka Namanga kwenda Nairobi bila kuomba viza, tukadhani dunia nzima inakuuliza tu unatoka wapi. Inauliza unakuja kufanya nini, na inataka jibu moja kuanzia kwenye fomu hadi uwanja wa ndege.

Ombi la pili tuliliandaa wenyewe, mezani kwa shangazi, bila kishoka. Kwenye sababu ya safari tuliandika kutembelea familia. Mkwe alikwenda ofisi ya wageni ya mji wake na hati za mshahara na mkataba wa nyumba, akalipa euro 29, akasaini hati rasmi ya kubeba gharama zote za mgeni wake. Hati hiyo si barua ya mwaliko ya kuandika mwenyewe. Serikali ya kule ikigharamika kwa ajili ya mgeni, mkwe ndiye atakayedaiwa. Bima ya safari ilikatwa, ya angalau euro 30,000, inayolipia matibabu na hata kurudisha mwili. Barua ya maelezo ilieleza kukataliwa kwa kwanza, kwamba fomu ile ilijazwa vibaya na mtu mwingine, bila kuficha.

Kisha ikaja kazi ya kuonyesha kwamba mama huyu ana kwa kurudi. Hapa wafanyabiashara wadogo hukata tamaa: hawana barua ya mwajiri, hawana likizo ya kuombewa ruhusa. Lakini shangazi alikuwa na leseni, stakabadhi za ushuru wa kizimba za miaka mitano alizozihifadhi kwenye kopo la maziwa, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, na daftari la kikoba linaloonyesha zamu yake ya kupokea ni Machi. Taarifa ya benki ikaenda na salio lake halisi, dogo kama lilivyo. Chini kabisa ya sanduku la khanga tulikuta cheti cha kuzaliwa cha binti, kimeanza kugeuka rangi ya chai, kona moja imeliwa na mende. Jina la mama lilisomeka. Karatasi ile ilikuwepo siku zote, na ndiyo iliyosema hasa shangazi anakwenda kwa nani.

Mkwe alisubiri wiki kadhaa kupata miadi kwenye ile ofisi. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa 6 Novemba, mama yake akiwa na jirani wa Kituruki wa kumpikia supu. Shangazi alishinda kizimbani siku ile akiuza kama kawaida, na jioni akafunga mapema.

Viza ilitoka Desemba. Tukaipokea kwa shangwe, na hapo hapo tukataka kuanguka mara ya pili. Stika ilisomeka inaanza 20 Desemba 2025 na kuisha 2 Februari 2026. Tuliomba siku thelathini. Tarehe hizo ni siku 45. Shangazi akafurahi: "Wametuongezea!" Binti alikuwa tayari anazungumza na wakala wa tiketi ili kurudi kusogezwe hadi mwisho wa Januari. Nikaichukua pasipoti nikaisogeza kwenye mwanga. Kwenye mstari mwingine, pembeni ya herufi C, kulikuwa na tarakimu ndogo: 01, na kando yake 30.

Ile 01 ni idadi ya kuingia: mara moja. Anayeruhusiwa kuingia na kutoka mara nyingi huandikiwa MULT. Ndugu yetu wa London alikuwa amekwisha mwahidi shangazi kumchukua siku mbili. Uingereza haimo Schengen, ina viza yake, na akitoka Ujerumani kwenda huko mlango wa kurudi umefungwa. Ile 30 ndiyo siku za kukaa. Tarehe mbili za juu ni dirisha tu ambalo ndani yake siku thelathini lazima zitumike. Hazimaanishi ukae mpaka dirisha lifungwe. Siku ya kutua huhesabiwa na siku ya kuondoka huhesabiwa. Ukitua saa sita kasoro usiku, siku hiyo imekwisha tumika. Na tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuhesabu kwa mfumo wa kielektroniki badala ya mhuri. Angekaa hadi mwisho wa Januari, angetoka akiwa amezidisha siku zaidi ya kumi, na alama hiyo ingemsubiri katika kila ombi la baadaye.

Alitua 20 Desemba. Mjukuu alikuwa na siku 44. Arobaini ilikuwa imepita, binti ameshaanza kutoka nje, kazi ya kukanda imekwisha. Shangazi alimwogesha mtoto kwa siku 28, akahesabu kila siku kwa kuhamisha punje ya karanga kutoka bakuli moja hadi jingine, akarudi 17 Januari, siku moja kabla ya mwisho.

Sasa watu wanamfuata kizimbani kumwuliza, na wengine tayari wameshatoa fedha kwa mtu. Kwa hao, na kwako unayesoma: fomu ya Schengen ni ya bure, hakuna anayepaswa kukuuzia. Juu ya sehemu ya sahihi yako kuna maneno yanayosema kwamba umethibitisha yote uliyoandika ni kweli. Shangazi hakusomewa maneno hayo. Mwombe mwanao, mwalimu wa mtaa au jirani anayejua lugha akusomee, mstari kwa mstari, kabla hujashika kalamu.