Mchongaji na Nyoka wa Shaba

Tukisikia habari ya sanamu kanisani, wengi wetu hukimbilia Kutoka 20:4 na kuishia hapo. Lakini sura 11 mbele, katika kitabu hicho hicho, Mungu anamjaza Bezaleli roho yake ili achonge miti na kukata mawe. Kwa hiyo sina shaka kwamba mchongaji anaweza kuchota katika Maandiko. Linalonisumbua ni yatakayoipata kazi yake akishaweka patasi chini.

Tazama makerubi wawili wa Sulemani, 1 Wafalme 6. Walikuwa wa mzeituni, dhiraa 10 kwenda juu, na mabawa yao yaligusa ukuta huu na ukuta wa pili, kwa kuwa chumba kilikuwa na upana wa dhiraa 20. Walichongwa kwa kipimo cha nyumba, wakakaa Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliingia, mara moja kwa mwaka. (Fundi gani leo angekubali kazi isiyoonekana na watu?)

Nyoka wa shaba alionekana na wote. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu, na waliomtazama wakapona. Karne nyingi baadaye Waisraeli wanamfukizia uvumba, na Hezekia, mfalme mwema, anamvunja vipande vipande. Hata agizo la Mungu halikumkinga na nyundo. Mchongaji anayeamini aikubali hatari hiyo kabla hajachagua gogo lake.

Hata hivyo, usiku ule Nikodemo alipomjia, Yesu alimtaja nyoka yule yule, aliyekwisha kuvunjwa zamani.