Ugonjwa Usiotuambukiza

Nikikuuliza swali hili usicheke: je, mtu anaweza kudaiwa na mbwa?

Naliuliza kwa sababu ya Shida, mbwa jike wa bibi yangu kule Lufingo, wilayani Rungwe. Miaka tisa alilinda nyumba, kuku na migomba. Usiku wa mvua, na Rungwe mvua haina adabu, sisi tumejifunika blanketi, yeye yuko nje anabweka. Mshahara wake makombo.

Siku moja amelala chali anaota jua, nikaona uvimbe kwenye titi la nyuma, mdogo kama punje ya njegere. Nikaugusa. Binamu yangu akaangua kicheko: "Kijana mzima unapapasa matiti ya mbwa!" Nikaona haya, nikaondoa mkono. Mwaka ulipopita, njegere ikawa parachichi. Ikapasuka, nzi wakajaa. Bwana mifugo alipokuja alisikiliza pumzi zinavyomkwama kifuani, akasema, "Mngeniita mapema." Bibi akamjibu, "Mwanangu, tungejuaje? Sisi mbwa tunampeleka chanjo tu."

Basi jibu hilo limenikaa kichwani. Chanjo ya kichaa cha mbwa tunaijali kwa sababu ugonjwa huo unaua watu. Ng'ombe tunamwogesha kwa sababu tunataka maziwa. Lakini saratani ya matiti ya mbwa haituambukizi, wala haishushi bei ya parachichi sokoni. Hapa hatuna faida ya kuisingizia. Ndiyo maana nasema ugonjwa huu unatupima sisi kuliko unavyompima mbwa.

Najua utaniambia: ala! Watu wanakufa, wewe unalilia mbwa? Miongoni mwa wanawake wa Tanzania, saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti ndizo zinazoongoza. Kutoka Rungwe hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800, na wapo wanaouza shamba ili wafike. Hoja hii siidharau. Kama ni kuchagua kati ya mama yangu na Shida, sifikiri mara mbili. Lakini ni mara ngapi tunachagua hivyo kweli? Siku ile nilipoondoa mkono, hakuna mama hata mmoja aliyepona kwa ajili ya haya yangu.

Tena kilichotakiwa hakikuwa miujiza. Karibu nusu ya vimbe za matiti ya mbwa si saratani. Hata ile iliyo saratani, ikiwa chini ya sentimita 3 na haijasambaa, daktari wa mifugo anaweza kuikata kwa nusukaputi na mnyama akaishi. Ikishafika mapafuni, kisu hakisaidii tena.

Na kinga ipo. Mwaka 1969 watafiti wa California, Schneider, Dorn na Taylor, walionyesha kwamba jike aliyeondolewa vifuko vya mayai kabla ya joto la kwanza alibaki na asilimia 0.5 tu ya hatari aliyo nayo jike asiyeondolewa. Baada ya joto la kwanza ilikuwa asilimia 8, baada ya la pili 26. Mwaka 2012 wachunguzi wengine walirudia kuzipima tafiti za namna hiyo wakaona ushahidi wake si imara kama tulivyodhani. Na baadhi ya majike waliopasuliwa hushindwa kuzuia mkojo uzeeni.

Hapo ndipo pagumu. Nani alitupa ruhusa ya kumnyima mbwa uzazi, naye hawezi kuulizwa? Mimi najibu hivi: tulishamwamulia mengi. Tulimwamulia alale nje, ale makombo, na watoto wake watupwe porini. Uamuzi mmoja wa kumfaa yeye tu, na huo ndio unatutia wasiwasi?

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant (1724–1804) alifundisha kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa akizeeka, kwa kuwa anayemtupa anauharibu utu wake mwenyewe. Nakubali nusu. Kweli utu wangu uliharibika, lakini aliyeoza titi si mimi. Deni ni la Shida, na kumlipa hakukuhitaji fedha nyingi. Kulihitaji macho na mkono, na baadaye kumwita mtu mapema.

Bwana mifugo alimpa sindano ya mwisho chini ya mgomba. Bibi alimshika kichwa, akamwambia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa. Asante ilikuwa ya kweli, ila deni halikulipwa.

Leo pana jike mwingine pale nyumbani, bado mdogo. Kila Jumapili, kabla ya kumpa makombo, bibi anampitisha mkono tumboni, titi kwa titi. Binamu yangu hacheki tena. Juzi bibi alimaliza, akanawa mikono, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, haya hiyo hiyo ndiyo inatumaliza na sisi wanawake. Kesho nisindikize zahanati."

Tulikwenda.